Nauli ya Mzee Anailipa Nani?

England, mtu aliyefikia umri wa pensheni ya serikali hupanda basi la abiria bila kutoa senti. Anagusisha kadi yenye alama ya waridi kwenye mashine iliyo mbele ya dereva, mashine inalia, anakwenda kukaa. Kadi hiyo inakubalika nchi nzima, hata mbali na mji alikoipatia. Walemavu nao wanayo, wakiwemo wasioona, viziwi, wasioweza kutembea vizuri, na hata mtu aliyenyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya maradhi. Kadi zilizo mikononi mwa watu ni takriban milioni 9, na malipo yanayokwenda kwa kampuni za mabasi ni takriban pauni bilioni 1 kwa mwaka.

Huo ni ukarimu mkubwa wa taifa, nami naupenda. Lakini kwa mfanyabiashara wa usafirishaji, swali la kwanza ni nani anayefidia kiti kile.

Tangu 1986, sehemu kubwa ya mabasi ya England nje ya London iko mikononi mwa soko huria. Kampuni huchagua njia, hupanga nauli na huondoa gari pasipolipa. Mwaka 2000 sheria iliwapa wazee nusu nauli. Aprili 2006 safari zikawa bure ndani ya eneo la halmashauri ya mtu, na tarehe 1 Aprili 2008 mipaka hiyo ikaondolewa. Wales ilishatangulia mwaka 2002, na wakazi wa London wamekuwa na kadi yao tangu 1973. Kwa hiyo serikali ilikuwa inamwamuru mfanyabiashara binafsi atoe huduma yake bure, na ilibidi imlipe.

Kanuni ya malipo inasema kampuni isipate faida kwa sababu ya kadi, wala isipate hasara. Utekelezaji wake ndio mgumu. Tuseme wazee kumi wamepanda kwa kadi. Kampuni hailipwi nauli kumi, kwa sababu baadhi yao wasingesafiri kabisa kama wangetakiwa kulipa. Wataalamu hukadiria ni wangapi wangepanda kwa fedha zao, tuseme watano, kisha kampuni hulipwa nauli za wastani za hao watano. Kwa watano waliobaki hulipwa gharama ya ziada tu, yaani mafuta yaliyoongezeka, uchakavu, na gari la nyongeza ikibidi. Ugomvi wote uko kwenye ile tano. Kampuni husema ni saba, halmashauri husema ni nne, na wasipoelewana kampuni ina haki ya kukata rufaa kwa waziri.

Kulikuwa na kasoro nyingine iliyowaumiza wengi. Anayelipa ni halmashauri ya mahali safari inapoanzia, si ya nyumbani kwa mwenye kadi. Wastaafu wakimiminika kwenye mji wa pwani wakati wa kiangazi, kila anayepanda basi kutoka ufukweni anauongezea mji ule bili, ingawa halipi kodi pale. Halmashauri ndogo za wilaya zilielemewa, na Aprili 2011 kazi hiyo ikahamishiwa kwa halmashauri kubwa zaidi.

Hata hivyo fedha zenyewe hazikuwekewa fungu lake. Zimechanganywa kwenye ruzuku ya jumla ambayo halmashauri hupata kutoka serikali kuu. Ruzuku ilipobanwa baada ya 2010, halmashauri zilijikuta na bili mbili za mabasi. Ya kwanza ni ya kadi, na hiyo ni lazima kisheria. Ya pili ni ya kuzilipa kampuni zipeleke gari vijijini, au usiku, ambako nauli hazitoshi, na hiyo ni hiari. Kilichokatwa ni cha hiari. Bibi wa kijijini akabaki na kadi halali mfukoni, huku basi lililokuwa likipita kijijini kwake limeondolewa. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko mengine yote ya mpango huu: haki ya kupanda ililindwa na sheria, basi lenyewe halikulindwa.

Saa nazo zina mipaka. Siku za kazi kadi huanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi, ili viti vya mapema viachiwe wanaolipa. Mstaafu anayekwenda sokoni anaweza kusubiri. Mlemavu anayetakiwa kuripoti kazini saa tatu hawezi, na hospitali haimpangii mgonjwa miadi kwa kufuata saa za kadi. Baadhi ya halmashauri hulegeza sharti hilo kwa walemavu, kwa gharama zao zenyewe. Wales haina sharti hilo.

Je, fedha hizo zinarudi? Mwaka 2014 utafiti uliofanywa kwa ajili ya umoja wa kampeni uitwao Greener Journeys ulikadiria kwamba kila pauni 1 huleta manufaa ya pauni 2.87, kwa ununuzi, kazi za kujitolea, malezi ya wajukuu na afya. Umoja huo uliungwa mkono na kampuni za mabasi zenyewe, kwa hiyo tarakimu hiyo ipokewe kwa tahadhari. Mwelekeo wake lakini hauna shaka kwangu, kwa kuwa mzee anayetoka nyumbani hununua kitu, huonana na watu na hufika kliniki kabla hali haijawa mbaya.

Huku kwetu Tanzania tayari tunalo punguzo la aina hii, nalo ni nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200. Mamlaka ya usafiri huipanga, lakini tofauti kati yake na nauli ya mtu mzima hubebwa na gari. Dereva na konda wa daladala wana hesabu ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, na kinachozidi ndicho chao. Kila mwanafunzi aliyekaa ni fedha iliyotoka kwenye chakula cha watoto wa konda. Ndiyo maana asubuhi watoto wenye sare hubaki kituoni huku magari yenye nafasi yakiondoka. Tumewalaumu makonda miaka nenda rudi bila kuwapa fidia hata ya shilingi moja.

Tukitaka wazee na walemavu wetu wasafiri bure, na ningependa sana iwe hivyo, tuanzie kwenye mabasi ya mwendokasi, ambako abiria hupitia mageti na wanaweza kuhesabika kwa kadi. Fedha ziwekwe kwenye fungu lake la bajeti na zilipwe kila mwezi kwa idadi ya waliopanda. Zanzibar imewalipa wenye miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii tangu Aprili 2016, kwa hiyo hazina kuwagharamia wazee si jambo geni kwetu. Daladala zifuate mashine za kadi zikishaingia, na tajiri akishajua fidia yake inaingia tarehe ngapi.