Hesabu ya Gavana Huey Long

Katika historia ya magavana wa majimbo ya Marekani, wachache wamebishaniwa kwa muda mrefu na kwa ukali kama Huey Long, aliyeliongoza jimbo la Louisiana, kusini mwa nchi hiyo, kuanzia Mei 1928 hadi Januari 1932, na ambaye hata baada ya kuhamia Seneti ya taifa mjini Washington aliendelea kulitawala jimbo lake kupitia mrithi mtiifu, hadi alipouawa kwa risasi Septemba 1935. Wanaomtetea huanza na barabara na vitabu, wanaomlaumu huanza na vitisho na rushwa, na mara nyingi ubishi huo humalizwa kwa suluhu ya haraka inayosema kwamba kazi zake zilikuwa njema ila njia zake zilikuwa mbaya. Suluhu hiyo inakwepa swali lenyewe, ambalo ni kujua njia ipi ilihitajika kwa kazi ipi, na ilitumika wakati gani.

Gavana wa jimbo la Marekani si mteule wa rais, kama alivyo mkuu wa mkoa nchini Tanzania, bali huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo lake, na jimbo hilo lina katiba yake, bunge lake, kwa kawaida lenye mabaraza mawili, mahakama zake na kodi zake. Louisiana ya mwaka 1928 ilikuwa imeshikwa na wenye mashamba makubwa ya pamba na miwa, kampuni za mafuta na reli, pamoja na genge la wanasiasa wa New Orleans lililogawa vyeo kwa kujuana. Jimbo zima lilikuwa na takriban kilomita 500 tu za barabara ngumu, na sehemu kubwa ya watu wake hawakujua kusoma. Long, aliyezaliwa mwaka 1893 katika mji mdogo wa Winnfield, kwenye vilima vya wakulima wadogo, alikuwa wakili aliyepata sifa ndani ya tume ya kusimamia reli na huduma za umma kwa kupambana na kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Aligombea ugavana mwaka 1924 akashindwa, akarudi mwaka 1928 akashinda.

Namna yake ya kuongoza ilionekana mapema katika suala la vitabu vya shule. Kabla yake wazazi ndio walionunua vitabu, na asiye na fedha mtoto wake alisoma kwa kuazima au hakusoma kabisa. Long alipitisha sheria ya kuvitoa bure, akavigharimia kwa kodi ya uchimbaji, yaani tozo inayolipwa kwa kiasi cha mafuta, gesi au magogo yanayotolewa ardhini na misituni. Kwa kuwa vitabu vilitolewa kwa mtoto mwenyewe na si kwa shule, hata watoto wa shule za Kikatoliki walivipata, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaubariki mpango huo mwaka 1930. Hata hivyo wakuu wa wilaya ya Caddo, ulipo mji wa Shreveport, walivikataa. Wakati huohuo mji huo ulikuwa ukihitaji kibali cha jimbo ili ardhi itolewe kwa uwanja wa ndege za kijeshi, mradi uliotarajiwa kuleta ajira na fedha nyingi, na Long akakizuia kibali hicho mpaka vitabu vikapokelewa. Tukio hilo linazipa pande zote mbili za mjadala hoja, kwa kuwa watoto maskini walipata haki yao, na gavana alijifunza kwamba hitaji la watu laweza kugeuzwa kamba ya kuwafungia.

Barabara zilijengwa kwa werevu wa aina hiyo. Badala ya kuanza na njia moja ndefu na kuikamilisha, alitandaza vipande vya kilomita chache katika wilaya nyingi, ili mkulima aliyetoka kwenye matope akapita juu ya saruji kwa dakika kadhaa, kisha akarudi kwenye matope, awe wa kwanza kudai kipande kinachofuata na kukubali hatifungani, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa kuuza hati zenye riba. Kufikia mwaka 1935 jimbo lilikuwa na maelfu ya kilomita za barabara ngumu na madaraja zaidi ya 100. Watu wazima zaidi ya 100,000 walihudhuria madarasa ya kusoma na kuandika, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana kikapata shule ya udaktari mwaka 1931. Deni la jimbo lilipanda mara nyingi, lakini ni vigumu kuona jinsi ambavyo jimbo lililoachwa nyuma kiasi hicho lingejengwa bila kukopa.

Mwaka 1929 Long alipendekeza kodi ya senti 5 kwa kila pipa la mafuta yanayosafishwa, na wapinzani wake, wakiungwa mkono na kampuni za mafuta, wakaamua kumng'oa. Baraza la Wawakilishi lilimfungulia mashtaka, yakiwemo ya rushwa na matumizi mabaya ya madaraka, na kesi ikapelekwa Seneti ya jimbo, utaratibu usio mgeni kwa wasomaji wa Kenya, ambao wamewaona magavana wa kaunti wakifikishwa mbele ya Seneti jijini Nairobi. Seneti ya Louisiana ilikuwa na wajumbe 39, na kumtia hatiani kulihitaji theluthi mbili, yaani kura 26. Long alitafuta sahihi za maseneta 15 waliotamka kwa maandishi kwamba hawangemtia hatiani kwa ushahidi wowote utakaoletwa, kwa madai kwamba mashtaka yenyewe hayakuwa halali. Zikabaki kura 24, na kesi ikafa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mkono mtupu haulambwi, na wengi wa wale 15 walipata vyeo na upendeleo baadaye.

Baada ya hapo alijenga mtambo wa kisiasa ambao watetezi wake huupitia juujuu. Wafanyakazi wa serikali walikatwa sehemu ya mishahara yao, na fedha hizo zikawekwa katika sanduku ambalo yeye na watu wake wa karibu tu ndio waliojua liliko. Wateule wake walitakiwa kutia sahihi barua za kujiuzulu zisizo na tarehe, ili tarehe iandikwe siku watakapomuudhi. Alichaguliwa kuwa seneta wa taifa mwaka 1930, lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja hakwenda kukikalia kiti hicho, kwa sababu naibu gavana alikuwa hasimu wake na angerithi ofisi. Mwaka 1932 ugavana ukaenda kwa rafiki yake, Oscar K. Allen.

Kalenda ndiyo inayowasuta wanaodai kwamba udikteta ulikuwa bei ya maendeleo. Vitabu, madarasa ya watu wazima, shule ya udaktari na mipango mikuu ya barabara ni kazi za miaka ya 1928 hadi 1932, wakati wapinzani walikuwa bado na nguvu bungeni na magazetini. Mamlaka yasiyo na mpaka yalikuja baadaye, katika vikao maalumu saba vya bunge la jimbo vilivyoitishwa kati ya Agosti 1934 na Septemba 1935, ambapo Long, asiye na cheo chochote ndani ya serikali ya jimbo, aliingia katika vyumba vya kamati na kueleza miswada kana kwamba yeye ndiye bunge. Sheria za vikao hivyo ziliipa serikali sauti katika uteuzi wa walimu na askari polisi wa miji, na mwaka 1934 magazeti makubwa, ambayo karibu yote yalimpinga, yalitozwa kodi ya asilimia 2 ya mapato ya matangazo, kodi ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1936. Kodi hiyo haikujenga daraja hata moja.

Haki inadai pia kutaja kwamba mwaka 1934 ndipo ilipofutwa kodi ya kupiga kura, dola 1 kwa mwaka iliyowanyima kura Wazungu maskini kwa makumi ya miaka. Watu weusi hawakunufaika, maana chama cha Democratic, ambacho uchaguzi wake wa ndani ndio ulioamua mshindi, kiliendelea kuwafungia nje, na Long hakuthubutu kuugusa mlango huo. Walipata huduma za serikali bila kupata sauti ya kuidai serikali hiyo.

Wanahistoria hawajakubaliana. T. Harry Williams, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 kilishinda tuzo ya Pulitzer, alimwona kiongozi aliyelazimishwa na ukatili wa wapinzani kuwa mkatili, huku William Ivy Hair, zaidi ya miaka 20 baadaye, akiona uchu wa madaraka uliokuwapo tangu mwanzo. Yaliyofuata yana uzito zaidi kuliko hoja hizo. Mwaka 1939 warithi wa Long walinaswa katika kashfa kubwa za wizi, gavana Richard Leche akajiuzulu na baadaye kufungwa, na rais wa chuo kikuu cha jimbo naye akafungwa. Mwaka 1940 wapiga kura walimchagua Sam Jones, mwanamageuzi aliyezifuta sheria nyingi za mabavu na kuanzisha utaratibu wa kuajiri watumishi wa umma kwa sifa, lakini vitabu vya bure hakuvigusa. Miaka 8 baadaye wapiga kura haohao walimpa ushindi mkubwa Earl Long, mdogo wake Huey, aliyeahidi pensheni nono kwa wazee. Wazee wakapata pensheni, na utaratibu ule wa ajira ukafutwa.