Mila za Gemu ya Wikendi na Nafasi ya Taita Taveta

Watu wakikutana kila mwaka kwa kazi moja, mila huzaliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa vijana wanaotengeneza gemu za kompyuta kwa wikendi moja. Mwaka 2002 ilianza Ludum Dare, ambayo katika kitengo chake cha mtu mmoja humpa mshiriki saa 48 atengeneze gemu peke yake, kila kitu kwa mkono wake. Mwishoni mwa Januari 2009 ikafuata Global Game Jam, iliyokusanya makundi katika vituo 53 vya nchi 23 kwa wikendi ileile. Tangu hapo desturi hii imeenea duniani, na naamini Voi, hapa Taita Taveta, ni mahali pake hasa.

Mila ya kwanza inahusu mada. Haijulikani mpaka wakati wa kuanza, na ikishatangazwa, ni moja kwa wote. Kwa kuwa jua halichomozi kote kwa wakati mmoja, katika miaka ya mwanzo waliotangulia kuanza waliombwa wafunge midomo mpaka wenzao wa Hawaii nao waisikie. Mada ikishajulikana, wenye mawazo husimama na kuyaeleza kwa dakika chache, kisha watu hujigawa: huyu ataandika programu, yule atachora, mwingine atashughulikia sauti. Mgeni asiyemjua mtu huulizwa anaweza nini, akapewa kazi.

Ya pili ni kupunguza. Wazo la Ijumaa usiku huwa kubwa kuliko wikendi yenyewe, na kundi lisilokubali kulikata hufika Jumapili likiwa na vipande tu. Wazoefu huanza na sheria moja inayochezeka, wakamwita jirani aijaribu kabla hawajahangaika na urembo. Wakimwona amekwama, hawamweleweshi. Hurudi kuirekebisha gemu.

Ya tatu ni ya kugawana. Global Game Jam haina tuzo ya dunia nzima. Gemu huwekwa wazi pamoja na programu iliyoiunda, mwingine aifungue na ajifunze. Jumapili alasiri kila kundi huonyesha kazi yake, iliyokamilika na isiyokamilika, na wote huzunguka wakicheza za wenzao. Ushindani upo, lakini mtu hushindana zaidi na saa.

Mambo haya si mageni kwa Wadawida, yaani Wataita. Kazi ya pamoja ina chakula chake, na sahani ya kimanga, chakula cha Kitaita, huzungukwa na wengi. Ina ugomvi wake pia. Usiku wa Jumamosi, macho mazito na programu imegoma, ndipo kundi huvunjika: mchoraji ameona picha zake zimetupwa, mwandishi wa programu anadhani amebebeshwa mzigo wote. Wazee wa Taita walikuwa na dawa ya hali hiyo. Katika kutasa, mtu hujaza kinywa maji ya miwa au pombe yake, akayapuliza huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuomba amani. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu kuhusu dini yao mwaka 1978, alionyesha kwamba hasira iliyofichwa ndiyo iliyoogopwa, kwa sababu iliaminika kuwaletea watu madhara. Kundi la gemu halihitaji miwa ili lifuate hekima hiyo. Linahitaji kusimamisha kazi, kila mmoja aseme linalomuuma, kisha waendelee.

Sasa tazama mada zenyewe za Global Game Jam. Mwaka 2016 ilikuwa tambiko. Mwaka 2019 washiriki waliulizwa nyumbani kunamaanisha nini kwao. Mwaka 2023 ilikuwa mizizi. Kijana aliyekulia Wundanyi, Kasigau au Taveta ana majibu ambayo mwenzake wa California hana. Hasara ni kwamba wengi wetu, tukipewa mada kama hizo, hukimbilia kuchora majoka na majumba ya mawe ya Ulaya, kwa sababu ndivyo zilivyo gemu tulizozicheza.

Chukua mfano wa kilima cha Sagalla. Chini ya kilima hicho wapo wakulima wanaopakana na Tsavo Mashariki, ambako ndovu hutoka usiku wakila mahindi. Tangu mwaka 2009 shirika la Save the Elephants limeshirikiana nao kujenga uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka, naye hugeuka. Kwenye kompyuta hayo ni mambo matatu: ndovu anayetafuta njia, waya unaopeleka mtikisiko, na mzinga wenye nyuki au mtupu. Hilo la tatu ndilo gemu. Kiangazi kikirefuka, maua hukosekana na nyuki huhama. Maji machache yaliyobaki mkulima ayapeleke wapi, kwenye mahindi au kwa nyuki? Sheria moja isivunjwe: ndovu hauawi. Mchoraji awape ndovu rangi ya vumbi jekundu la Tsavo, mwenye sauti arekodi mvumo wa mzinga halisi. Watu watatu wanaweza kuimaliza Jumapili.

Lakini si kila kitu cha kwetu ni cha kuchezewa. Misitu mitakatifu ya fighi ilikuwa na mipaka na watu maalumu wa kuingia. Mapango yenye mafuvu ya wazee, yaliyopangwa kwa koo, ni makazi ya wahenga wa watu walio hai. Kuyageuza kuwa uwanja wa mazimwi ya kutisha ni kuwavunjia heshima. Kwa hiyo natamani vituo vya kwetu viwe na mila moja zaidi: Ijumaa jioni, pamoja na mafundi wa programu, aketi mzee wa kuulizwa lipi linaonyeshwa na lipi linaachwa. Makatazo yake hayatabana ubunifu, kwa sababu mpaka usiovukwa ni sheria nzuri ya gemu.

Njia iko wazi. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya Kikenya yenye shujaa wa Kiafrika, wakati watu wengi hawakudhani jambo hilo linawezekana hapa. Leo Godot, programu ya kuundia gemu, hupatikana bure na haihitaji kompyuta ya bei kali. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kinafundisha taaluma za kompyuta, na Voi ni njia panda inayofikika kwa reli na barabara kutoka Mombasa na Nairobi, na kwa barabara kutoka Taveta.

Kinachohitajika ni chumba chenye stima, sufuria ya chai, watu wa kazi tofauti na mzee mmoja mwenye subira. Vijana wa kaunti hii wasingoje kualikwa Nairobi. Waandae wikendi yao Voi, na gemu watakazotoa zibebe mambo ambayo wao wanayajua kuliko mtu mwingine yeyote.