Kunguru Si Mlinzi wa Mchicha Wako

Serikali ikitaja tu kuwapunguza kunguru, wakulima wa Kisauni na Likoni huniuliza swali lile lile: "Sasa viwavi wataliwa na nani?" Naomba tulimalize leo.

Kunguru hula viwavi, sikatai. Lakini hula pia matumbo ya samaki, vifaranga vyako, mahindi yanayochipua na, hapa ndipo penye balaa, mayai na makinda ya ndege wenye kazi ile unayomsifia yeye. Hata chozi, tunayemjua kwa kunyonya maua, hulisha makinda yake wadudu na buibui. Kiota chake kikivunjwa, ulezi wa msimu mzima umepotea, na viwavi wa jirani wamepona.

Ndege anayetegemea wadudu huondoka au hupungua wadudu wakipungua. Kunguru, au kurabu kama tunavyomwita mjini Mombasa, haishi kwa wadudu. Anaishi kwa taka zetu. Viwavi wakiisha, yeye hana njaa, hana haja ya kuhama. Hubaki pale pale, akigeukia viota. Mlinzi wa aina gani huyo?

Na msiniambie anasafisha mji. Kwa hoja hiyo hiyo aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Taka zimekwisha? Yeye ndiye anayepasua mifuko na kuzitapanya hadi vichochoroni Kibokoni. Mwaka 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Lengo kubwa, na ninaliunga mkono, lakini jaa likibaki wazi watazaliana upya.

Basi fanyeni haya. Funikeni taka, hasa za sokoni na hotelini. Angusheni viota vya kunguru kabla mayai hayajaanguliwa. Msitege sumu wenyewe: itamuua bundi anayekula panya wenu, waachieni wataalamu. Shambani acheni ua wa miti na vichaka, punguzeni dawa ya kupuliza, maana anayeua kila mdudu amewanyima chakula ndege wote. Nanyi wenyeji wa Mji wa Kale, mnaobomoa viota vya mbayuwayu, naye ni mla wadudu, chini ya mapaa kwa sababu ya kinyesi, wekeni kibao cha kukikinga, lakini viota viacheni.