Jeraha Lisiloonekana si Woga

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Rwanda nzima huingia katika juma la maombolezo, na kuanza siku mia moja za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mjini Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo zamani ilikuwa Mkoa wa Cyangugu, wananchi hukusanyika kama wenzao wa mahali pengine pote nchini. Hotuba hutolewa na ushuhuda husikilizwa. Katikati ya utulivu huo hutokea mara kwa mara kwamba mtu mmoja anapiga ukelele, anatetemeka mwili mzima, anakatika pumzi, na kukimbia au kutafuta mahali pa kujificha, kana kwamba anafukuzwa na mwenye panga. Wauaji wa mwaka 1994 hawapo hapo. Kwake yeye wapo.

Askari aliyewekwa kuulinda mkutano huo ana muda mfupi sana wa kuamua kile anachokiona. Je, ni ulevi? Ni fujo? Ni pepo? Ni mtu anayejifanya? Au ni ugonjwa? Jibu atakalolichagua ndilo litakaloamua mkono wake ufanye nini. Na jibu hilo hakulizua yeye mwenyewe. Amelipokea kutoka katika jamii iliyomlea. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye kuvaa sare alichunguze jambo hili kwa makini.

Ugonjwa wowote una pande mbili. Upande wa kwanza ni ule wa mwili. Malaria katika bonde la Bugarama huletwa na mbu, awe mgonjwa anasadiki hivyo au hasadiki. Upande wa pili ni ule wa maana: nani aitwe mgonjwa, nani alaumiwe, nani apelekwe kwa daktari, nani apelekwe kwa mganga, na nani atiwe mahabusi. Upande huu wa pili huamuliwa na jamii, nao una nguvu ya kuokoa au kuangamiza sawasawa na ule wa kwanza.

Mfano mmoja watoka Mahenge, nchini Tanzania, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa. Wengi wao walikuwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mekoni wakati wa kifafa, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa, kwa kuwa iliaminika kwamba maradhi hayo huambukiza. Hivyo ugonjwa ndio uliowaangusha motoni, lakini hofu ya jamii ndiyo iliyowaacha humo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba jamii, au wale wanaoitawala, waweza kumwita mgonjwa mtu ambaye si mgonjwa hata kidogo. Mwaka 1851, huko Marekani, daktari Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayetoroka kwa bwana wake anasumbuliwa na ugonjwa wa akili. Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maandishi ya daktari J. C. Carothers, aliyekuwa ameiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, ambaye aliwaeleza wapiganaji wa Mau Mau kuwa ni watu ambao nafsi zao zimevurugika. Watu waliodai ardhi yao walipewa jina la ugonjwa, ili dai lao lisisikilizwe.

Kinyume chake kimetokea vilevile, na hapo ndipo jambo hili linapoyagusa majeshi moja kwa moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi walirudi kutoka mahandakini wakitetemeka, wengine wamekuwa mabubu, wengine hawawezi kutembea, ingawa miili yao haikuwa na jeraha. Mwaka 1915 daktari wa Kiingereza, Charles Myers, aliandika juu ya hali hiyo, nayo ikaitwa mshtuko wa makombora. Hata hivyo mahakama za kijeshi ziliendelea kuwahukumu watu. Askari 306 wa majeshi ya Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na wenzao kwa makosa kama utoro na woga, na miongoni mwao walikuwamo ambao leo wangepelekwa hospitali. Sheria ya kuwasamehe ilipitishwa mwaka 2006, wakati wazazi na wajane wao walikwisha kufa na aibu yao. Nao madaktari wa akili wa Marekani, baada ya vita vya Vietnam, ndipo walipoyaingiza maradhi haya katika kitabu chao rasmi, mwaka 1980. Ni dhahiri kwamba mwili wa binadamu haukubadilika kati ya mwaka 1915 na mwaka 1980. Kilichobadilika ni macho ya jamii.

Rwanda nayo ilipata jina lake yenyewe. Zamani dalili za namna hii ziliweza kuelezwa kwa abazimu, yaani mizimu ya waliokufa, au kwa uchawi. Baada ya mwaka 1994 misiba ilikuwa mikubwa mno kuliko maelezo hayo. Wananchi wakalishika neno la Kinyarwanda, ihahamuka, neno lenye kuhusiana na mapafu na kukatika pumzi kwa hofu. Baadaye likaenea pia neno ihungabana, lenye maana ya mtikisiko. Maneno hayo hayakuzaliwa katika vitabu vya kigeni. Yalitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakiwatazama jirani zao wakiishiwa pumzi. Na tangu yalipopatikana, mama aliyekuwa akiitwa kichaa aliweza kuitwa mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa.

Kamembe ina sababu ya kuyafahamu maneno hayo. Mwezi wa Aprili 1994, watu waliokimbilia Kanisa Kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja wa michezo wa Kamarampaka. Humo, baadhi yao waliitwa kwa majina, wakatolewa nje na kuuawa. Waliosalia walipelekwa baadaye katika kambi ya Nyarushishi. Kwa mtu aliyeyaona hayo akiwa mtoto, mtu mwenye sare anayesoma majina katika karatasi si jambo dogo. Kwa mlinzi wa amani ni kazi ya kila siku. Kwa yule mwingine laweza kuwa ndilo lango la kurudia kifo.

Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kwamba maradhi yatokanayo na mshtuko huo yalikuwamo katika asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla, lakini kwa manusura wa mauaji ya kimbari yalifikia asilimia 27.9. Uchunguzi huohuo ulionyesha jambo jingine la kutia wasiwasi. Asilimia 61.7 ya watu walifahamu mahali pa kupata msaada, lakini waliokwenda kuutafuta walikuwa asilimia 5.3 tu. Yaani njia ya kwenda hospitali inajulikana, lakini haipitwi. Baina ya mgonjwa na mlango wa hospitali imesimama aibu, na aibu ni kazi ya jamii.

Katika kambi na vituo vya polisi aibu hiyo ina nguvu zaidi. Mithali ya Kinyarwanda yasema, amarira y'umugabo atemba ajya mu nda: machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Mithali hiyo inasifu ustahimilivu, na ustahimilivu ni sifa ya askari. Lakini Waswahili nao walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Askari aliyerudi kutoka Darfur, Sudan Kusini au Cabo Delgado, ambaye halali usiku, anayeshtuka kwa mlango ukifungwa, anayejitenga na mkewe na kutafuta usingizi katika chupa, hajapungukiwa na ushujaa. Ana jeraha. Kamanda anayemdhihaki mbele ya wenzake hamwongezei uhodari. Anawafundisha wengine wote kunyamaza. Na mtu mwenye silaha aliyefundishwa kunyamaza ni hatari kwake mwenyewe, kwa nyumba yake na kwa kikosi chake.

Wajibu wa askari, kwa hiyo, uko mahali pawili. Kwanza ni mbele ya raia. Mtu akipatwa na ihahamuka hadharani, haifai kumzingira, kumpigia kelele, wala kumkamata kwa nguvu bila ya sababu ya usalama. Silaha na iwekwe mbali na macho yake. Umati usogezwe. Waliofundishwa kuwahudumia wenye mtikisiko waachiwe nafasi ya kumpeleka mahali palipo kimya, pamoja na mtu anayemfahamu, na kumwambia kwa sauti ya upole kwamba yuko salama. Hospitali za wilaya, ikiwamo ile ya Gihundwe, ndizo za kupelekewa mwenye kuhitaji matibabu zaidi. Pili ni mbele ya mwenzake wa kikosini. Hapo dawa ya kwanza ni kuliita jeraha kwa jina lake, bila kejeli, na kumshauri aende kwa mganga wa kikosi kama angalivyokwenda kwa mguu uliovunjika.

Jamii ndiyo inayotoa majina, na askari ni sehemu ya jamii hiyo. Neno alisemalo askari lina uzito, kwa kuwa raia hulisikia kama neno la dola. Akimwita mgonjwa mlevi, wengi watamwita mlevi. Akimwita mgonjwa, njia ya kwenda hospitali itakuwa imefunguliwa.