Udongo Mtamu wa Pasaka

Kila mwaka, katika kesha la Pasaka, twasikia kanisani namna Waisraeli walivyovuka bahari na kutoka katika nchi ya Misri. Wayahudi huikumbuka safari hiyo hiyo nyumbani mwao, wazee na watoto pamoja, usiku Pasaka yao inapoanza. Juu ya meza mna mikate isiyotiwa chachu, mna mboga chungu, na mna bakuli dogo la kitu chenye rangi ya matope. Mgeni asiyejua atasitasita kukionja. Nacho ni kitamu sana.

Jina lake ni haroseti, nalo lafanana na neno la Kiebrania lenye maana ya udongo wa mfinyanzi. Twasoma katika Kitabu cha Kutoka kwamba Farao aliwatumikisha Waisraeli kazi ngumu ya udongo na matofali. Basi chakula hiki ni mfano wa udongo ule. Musa hakukiagiza. Lakini chatajwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliotengenezwa karibu na mwaka 200.

Kila nchi hukitengeneza kwa matunda yake. Huko Ulaya ya Mashariki hukata matufaha vipande vidogo sana, wakachanganya na jozi, mdalasini na divai nyekundu. Kando ya Bahari ya Kati wengi hutumia tende, na hiyo ndiyo tutakayoieleza, kwa sababu ilifika mpaka Katanga pamoja na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes.

Mama huchukua nusu kilo ya tende, akatoa kokwa, akaziloweka, akazipika kwa maji kidogo juu ya moto mdogo, huku akikoroga zisije zikashika chini ya sufuria. Zikilainika huziponda mpaka ziwe kama uji mzito. Ndipo hutia konzi mbili za jozi au lozi zilizotwangwa, lakini si mpaka ziwe unga, maana udongo wa matofali huwa na chembechembe. Humalizia kwa mdalasini na divai tamu kidogo. Mama zetu watauliza: na karanga je? Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki huziepuka siku hizo, kwa kuwa huzihesabu pamoja na kunde.

Watu wa Rhodes walikuwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na lugha ya nyumbani mwao ilibaki Kihispania cha zamani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vijana wao walianza kuja Kongo kufanya biashara, kisha wakaita wachumba na ndugu. Mwaka 1930 walikuwa na sinagogi yao Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wazazi wengi walibaki kisiwani.

Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapakia merikebuni na kuwapeleka Auschwitz. Waliopona ni kama 150 tu. Binti aliyeolewa Katanga, aliyezoea kumwandikia mama yake, hakuwa tena na wa kumwuliza tende zichemke muda gani wala divai itiwe lini. Alipika kwa jinsi mikono yake ilivyokumbuka, na binti zake wakamtazama. Baadaye wengi wao walihama Kongo, wakaenda Ubelgiji, Afrika ya Kusini na kwingineko. Waliobaki Lubumbashi ni wachache.

Usiku ule mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini leo watu huchovya chakula mara mbili. Baba humsimulia habari za Misri. Wakati wa kula ukikaribia, kila mtu huchovya mboga chungu katika haroseti, kisha huikung'uta kidogo, ili utamu usiufunike uchungu. Kinachobaki bakulini hupakwa juu ya mkate, na hapo watoto hawahitaji kuitwa.