Kabla ya daraja, watu walipitaje? Safari ya familia kutoka Mabatini hadi Kyaka

Mtoto wa Mabatini anavuka Mto Mirongo akienda shule, akirudi nyumbani na akitumwa dukani. Muulize kama leo amepita darajani, huenda akafikiri kwanza. Kwake lile daraja ni kipande cha barabara tu. Ndivyo madaraja yalivyo: likifanya kazi vizuri, hakuna anayeliangalia.

Katika nchi nyingine, familia hufunga safari kwenda kutazama madaraja ya zamani. Mjini Lucerne, Uswisi, lipo daraja la mbao la karne ya 14 lililoezekwa paa kutoka mwanzo hadi mwisho. Madaraja ya aina hiyo huezekwa hasa ili mvua isiozeshe mbao. Mwaka 1993 sehemu kubwa ya daraja hilo iliungua, na mwaka uliofuata likafunguliwa tena. Watu waliona halipaswi kupotea.

Sisi wa Kanda ya Ziwa madaraja yetu ni ya zege na chuma, na hayana paa. Lakini yana historia nzito, na kwa bahati njema wengi walioiona kwa macho bado wapo hai. Mzazi, kama una likizo ya Juni au Desemba mbele yako na unatafuta safari yenye faida kwa watoto, fikiria hii. Mwongozo wake ni swali moja tu la kuuliza kila mnapofika: kabla ya daraja hili, watu walipitaje?

Anzeni nyumbani

Siku ya kwanza haihitaji nauli. Shukeni na watoto hadi Mirongo. Wakati wa kiangazi mto huu ni mwembamba, na mtoto anaweza kushangaa kwa nini umejengewa daraja kubwa hivyo. Mwelekeze macho juu, kwenye vilima vya mawe na nyumba zilizojipanga hadi kileleni. Mvua ikinyesha kule, maji hayana pa kuzama. Yanateremka kwa kasi, yanajaa mtoni, na takataka zikiziba njia yanaingia majumbani. Wakazi wa bondeni wanayajua mafuriko hayo vizuri. Mtoto akielewa hilo, ameelewa pia kwa nini anakatazwa kutupa mifuko mtoni na kwa nini hatakiwi kucheza kando yake mvua ikianza.

Kisha pandeni daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya Barabara ya Nyerere. Hapa mto ni wa magari. Muulize mtoto kwa nini limejengwa, halafu mtazame pamoja watu wazima wanaokatiza chini wakikimbizana na daladala. Jibu atalipata mwenyewe, na kuanzia siku hiyo mzazi naye atalazimika kupanda ngazi.

Kigongo hadi Busisi

Daraja la pili ndilo litakalowafanya watoto wakae wima kwenye viti. Kutoka mjini mnapita Nyegezi na Buhongwa, mkifika Usagara mnakata kulia kuelekea Kigongo. Hapo ndipo linapoanza Daraja la J.P. Magufuli, linalovuka Ghuba ya Mwanza hadi Busisi upande wa Sengerema. Lina urefu wa kilomita 3 na upana wa zaidi ya mita 28, na limegharimu zaidi ya Sh bilioni 700. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025.

Gari linavuka kwa dakika chache. Kwa mtoto hilo halina maana yoyote kama hajui ilivyokuwa zamani. Mweleze kuhusu foleni ya Kigongo: mabasi, malori ya ng'ombe na magari madogo yakisubiri kivuko kirudi kutoka ng'ambo, abiria wakishuka kununua mahindi ya kuchoma na samaki. Kuvuka kwenyewe kulichukua zaidi ya nusu saa. Ukijumlisha kusubiri, ilikuwa kawaida kupoteza saa moja hadi mbili. Mfanyabiashara alipoteza muda. Lakini mgonjwa wa rufaa aliyekuwa akikimbizwa Bugando kutoka Sengerema au Geita, au mama mwenye uchungu wa kujifungua, alikuwa akipoteza kingine kabisa. Kivuko kikiwa upande wa pili, hata gari la wagonjwa lilisubiri.

Wapo pia watoto watakaopenda habari ya jina. John Magufuli alifundisha Shule ya Sekondari Sengerema akiwa kijana, na nyumbani kwao ni Chato, hivyo maji haya aliyafahamu. Akiwa Rais aliweka jiwe la msingi la daraja hili Desemba 2019. Alifariki Machi 2021, kazi ikiwa bado inaendelea. Mtoto mkubwa anaweza kujifunza hapo kwamba kuna kazi mtu anaianza akijua huenda wengine ndio watakaoimaliza.

Njia ndefu kwenda Bukoba

Baada ya Sengerema mnapita Geita na Chato, mkiendelea hadi Muleba na Bukoba. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo msiipange kuwa ya kwenda na kurudi siku moja. Mkiwa na watoto wadogo, laleni Geita au Chato.

Njiani kuna muda mrefu wa kuuliza lile swali. Kabla ya lami hii, watu wa Bukoba walifikaje Mwanza? Wengi walikuja kwa meli, wakisafiri usiku kucha ziwani. Hapo hamuwezi kukwepa kuitaja MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma, hapohapo jijini kwetu. Karibu kila ukoo wenye asili ya Kagera unaoishi Mwanza una jina la kumkumbuka. Mtoto wa darasa la kwanza hahitaji kuelezwa kila kitu. Wa darasa la sita anaweza kuelezwa, na ni heri aambiwe na mzazi wake.

Kyaka: daraja lililolipuliwa

Kutoka Bukoba, mwendo wa kama saa moja kuelekea Mutukula, mnafika Kyaka, wilayani Missenyi. Mto Kagera hapa ni mpana, maji yake yana rangi ya udongo na yanakwenda bila kelele. Hapa swali letu linageuka kidogo: daraja likivunjwa, nini kinatokea?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kutoka Uganda na kuiteka ardhi yetu iliyo kaskazini mwa mto huu. Mwanzoni mwa Novemba yakalipua Daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Wananchi walikimbia makwao, mifugo ikaporwa, watu wakauawa. Mwezi huohuo wanajeshi wetu waliweka daraja la muda, wakavuka, na kuikomboa ardhi. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka. Jirani na mto, kilimani, yapo magofu ya kanisa lililobomolewa katika vita hivyo. Mkiwa njiani, wilayani Muleba, mnapita pia eneo la Kaboya walikozikwa mashujaa wa vita hiyo.

Vitabu vya shule vina habari za Vita vya Kagera kwa mistari michache. Kusimama ukingoni na kuona upana wa mto kunamfanya mtoto aelewe kwa nini pande zote mbili zililitaka daraja moja. Na hapa kuna jambo la haraka: kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amekaribia miaka 70. Kama katika familia yenu yuko babu, bibi au mjomba aliyepigana, aliyekimbia au aliyebeba mizigo ya jeshi, mpigieni simu kabla hamjaondoka. Mwacheni mtoto aulize mwenyewe. Mzee ambaye huwa hapendi kuzungumzia vita na wanawe, mara nyingine mjukuu humfungua mdomo.

Mambo ya kuzingatia

Si lazima uwe na gari. Mabasi ya kwenda Sengerema, Geita na Bukoba yanapatikana stendi ya Nyegezi. Kama bajeti ni ndogo, nendeni Busisi mrudi jioni. Daraja la Mirongo na la Busisi pekee yanatosha kwa likizo moja, Kyaka mkaiwekea akiba ya mwaka kesho.

Msisimamishe gari katikati ya daraja ili kupiga picha. Kama mnataka kutembea, tumieni njia ya waenda kwa miguu, na mtoto mdogo ashikwe mkono upande usio wa magari. Kyaka ni njia ya kuelekea mpakani, hivyo ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha karibu na askari au vizuizi.

Msiwaache watoto kuingia majini. Ziwani kuna kichocho, na katika Mto Kagera kuna mamba. Bebeni chandarua, maji ya kunywa na daftari.

Daftari lina kazi yake. Kwa kila daraja, mtoto aandike vitu vitatu: jina la daraja, linavuka nini, na jibu la swali la watu walipitaje kabla yake. Jibu hilo la tatu lisitoke kwenye simu. Litoke kwa mtu: muuza samaki wa Busisi aliyekuwa akiuza kwenye foleni ya kivuko, dereva wa basi, bibi wa Kyaka. Mtoto wa miaka mitano aliyepo leo hatakuwa na kumbukumbu yoyote ya kivuko cha Kigongo. Asipoambiwa sasa, atakapokuwa mkubwa atadhani daraja lilikuwepo siku zote.