Laptopu kuukuu, sura mpya: Vaa Linux yako nguo bila eneokazi zima

Saa saba usiku mdogo wangu alijigeuza kitandani akasema, “Brathe, si uzime taa? Kesho niko na mtihani.”

Taa ilikuwa imezimwa kitambo. Kilichokuwa kikiwaka ni Mousepad, programu ninayoandikia kazi zangu za mtandaoni. Dirisha lilikuwa jeupe pe, likimulika chumba kizima. Na hicho chumba ndicho hichohicho kimoja tunachoishi. Kazi nayo ilitakiwa asubuhi. Ama yeye akose usingizi, ama mimi nikose pesa.

Pengine nawe uko hapo. Una laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 2. Ukachoka kuona GNOME ikijikokota, ukaitoa, ukabaki na Openbox peke yake. Mashine ikapumua. Lakini sasa kila programu ina sura yake: hii kijivu, ile nyeupe, aikoni hazieleweki. Tulia, hujaharibu kitu.

Sababu ni hii. Eneokazi kamili kama GNOME au Xfce huja na programu ndogo inayokaa chinichini, ikiwatangazia wengine: vaeni mandhari haya, fonti hii, aikoni hizi. Openbox inasimamia madirisha tu. Inayasogeza, inayafunga, inayachorea fremu, lakini mambo ya ndani haiyagusi. Ulipoondoa eneokazi, ulimfukuza pia mtangazaji. Programu zisiposikia tangazo, zinavaa nguo zilizozaliwa nazo.

Sasa mtangazaji ni wewe. Kwenye Debian au Ubuntu anza hivi:

sudo apt install lxappearance arc-theme papirus-icon-theme

Fungua LXAppearance, chagua mandhari na aikoni, hifadhi. Ukipenda kujiandikia mwenyewe, fungua faili ~/.config/gtk-3.0/settings.ini uweke:

[Settings]
gtk-theme-name=Arc-Dark
gtk-icon-theme-name=Papirus-Dark
gtk-font-name=DejaVu Sans 10

Funga programu, ifungue tena. Basi! Mistari minne ya maandishi haili RAM.

Ukipakua mandhari mengine mtandaoni, yatie kwenye folda ~/.themes, na aikoni kwenye ~/.icons. Chunga jina tu: liandike vile folda inavyoitwa, herufi kubwa ikiwa kubwa. Ukiandika arc-dark badala ya Arc-Dark, hakuna atakayekulalamikia. Utaona tu weupe uleule umerudi.

Halafu utafungua VLC na kushtuka: bado nyeupe! Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kumbe programu za Linux nyingi zimegawanyika koo mbili. Mousepad na Thunar ni wa ukoo wa GTK, na ndio wanaosoma lile faili. VLC ni wa ukoo wa Qt, na huyo ana mlango wake. Sakinisha qt5ct, kisha kwenye faili ~/.config/openbox/environment ongeza:

export QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt5ct

Toka, ingia tena, fungua qt5ct, uchague mtindo wa Fusion na rangi za giza.

Bado kuna wakaidi. Programu mpya za GNOME zinazotumia libadwaita hazijali umechagua mandhari gani. Hizo ziombe giza tu:

gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme prefer-dark

Mimi yote hayo yalinila jioni moja, nusu yake nikitafuta herufi kubwa niliyosahau. Wewe ukiwa na hii karatasi hutafika huko.

Usiku uliofuata Mousepad ilikuwa nyeusi tii. Kazi niliikabidhi saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu alikuwa bado anakoroma.